Chungu Hiki Kafinyanga Nani?

(Hotuba fupi iliyotolewa Hatta, kwenye mkusanyiko wa familia wa Desemba 9)



Kila mwaka tangu 2015, Dubai hufanya wiki yake ya ubunifu. Kiti au chungu huwekwa pamoja na jina la aliyekibuni. Hapo nawasifu, ingawa mara nyingine ni jina la mchoraji, si la aliyeshika randa.

Sasa tazameni meza yetu pale. Chungu kimeandikwa "Tanzania". Tanzania haifinyangi! Kile ni chungu cha Wakisi wa Ziwa Nyasa. Wanawake wa Ikombe hufinyanga kwa mikono, huchoma, kisha huvipakia vyungu mitumbwini kwenda kuuza Matema. Nasi tukifika likizo tunambana mama yule kwa shilingi elfu moja. Tukirudi huku tunalipa bei ya dukani bila neno.

Wanangu, mkipita Shindagha, inueni macho mtazame dari. Nyumba nyingi za kale za Ghuba ziliezekwa kwa boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Waliozikata hatuwajui hata mmoja.

Basi, anayekwenda nyumbani mwezi huu, akinunua kigoda, mkeka au chungu, amlipe fundi bei yake na amwombe jina. Akikubali, liandikwe. Vibandiko viko kwa Katibu, chukueni kabla hamjapanda basi.