Imani Baada ya Gharika: Habari za Malisho ya Tutira

Leo twataka kunena nanyi habari za imani na tumaini, lakini hatutaanza kanisani. Tutaanza malishoni, kati ya kondoo, katika nchi iliyo mbali nasi sana, yaani Nyuzilandi. Nchi hiyo ni ya visiwa, na watu wake wamejulikana kwa muda mrefu kwa sufu na nyama ya kondoo. Upande wa mashariki wa kisiwa cha kaskazini pana jimbo liitwalo Hawke's Bay, na humo, katika njia itokayo mji wa Napier kwenda Wairoa, pana ziwa dogo, jina lake Tutira. Vilima vinavyolizunguka vina mwinuko mkali, na udongo wake ni mwepesi kuchukuliwa na maji. Wamaori, ndio wenyeji wa asili, hulifananisha ziwa hilo na maziwa ya mama, kwa kuwa liliwalisha wazee wao.

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari mwaka 2023, tufani iliyopewa jina la Gabrielle iliishukia nchi hiyo ya vilima. Mvua ilinyesha usiku kucha. Mito ilipanda juu ya kingo zake, madaraja yakavunjika, na bonde la mto Esk, lililo kati ya Tutira na Napier, likajaa maji na tope hata watu wengine wakapanda juu ya mapaa ya nyumba ili waokoke. Katika Nyuzilandi nzima watu 11 walikufa. Vilimani udongo uliporomoka mahali pengi mno, na waliohesabu maporomoko hayo baadaye walipata zaidi ya 100,000. Barabara ya kwenda Wairoa ilikatika kwa majuma mengi, na wafugaji wa kando yake wakawa kama watu wa kisiwani.

Mtu asiyefuga kondoo huenda asijue jinsi mnyama huyu anavyoangamia katika maji. Kondoo aweza kuogelea kidogo, lakini sufu yake hunywa maji kama sifongo, na uzito wake humvuta chini. Tena kondoo humfuata mwenziwe: wa kwanza akiteremka korongoni kutafuta kivuko, kundi zima laweza kuteremka nyuma yake. Nao waliosalia, taabu yao haiishi maji yakipwa. Majani yamefunikwa na tope lisilolika. Kwato zao hulainika na kuoza kwa kusimama katika unyevu. Ua wa waya umekwenda na maji, na kondoo wa huyu wamechanganyika na kondoo wa yule, hata kazi ya kwanza ni kuwatenga mmoja mmoja kwa alama za masikioni. Mfugaji afanya hayo akijua ya kuwa ua alioujenga miaka mingi, kigingi kwa kigingi, umelala chini ya udongo.

Mtu aliyepatwa na mambo hayo huuliza, Kwa nini? Nasi walimu twajua jinsi swali hilo linavyojibiwa upesi na wale ambao mvua haikuwafikia. Husema, Mungu amewaadhibu. Twaomba mtu yeyote anayependa jibu hilo akasome tena habari za Ayubu, aliyekuwa na kondoo 7,000, wakateketea wote kwa moto. Rafiki zake walikuja na hoja nyingi za kuonyesha kwamba alistahili, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia hao rafiki, wala si Ayubu. Kwa maoni yetu, jambo jema walilofanya ni kuketi pamoja naye siku saba bila kusema neno.

Walakini liko swali lingine, nalo halipendezi hata kidogo: je, mkono wa mwanadamu haumo? Swali hilo liliulizwa zamani palepale Tutira, na mtu aliyekuwa na haki ya kuliuliza.

Jina lake Herbert Guthrie-Smith. Alizaliwa Uskoti mwaka 1862, na mwaka 1882, yeye na rafiki yake waliyesoma pamoja walishika shamba la kondoo la Tutira, wakiikodi ardhi kwa Wamaori. Vilima vilikuwa vimefunikwa na kangaga tele. Desturi ya siku zile ilikuwa kuchoma kangaga kwa moto, kutawanya mbegu za majani ya malisho, kisha kuingiza kondoo wengi kwa pamoja ili wayakanyage na kuyala machipukizi kabla hayajakomaa. Kazi hiyo iliwakondesha kondoo, na wengi walikufa. Miaka ya kwanza ilikuwa ya hasara, na yule rafiki akaondoka. Guthrie-Smith alibaki hapo maisha yake yote, akiandika kila alichokiona: ndege, magugu, njia za kondoo, mvua, na udongo unaoteremka. Maandishi hayo yakawa kitabu kikubwa, kiitwacho kwa jina la shamba lake, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1921. Hatujui kitabu kingine ambamo mfugaji amelichungulia shamba lake kwa uvumilivu kama huo.

Mwezi wa Aprili mwaka 1938, alipokuwa na umri wa miaka 76, gharika kubwa iliipiga nchi ile, na bonde la Esk likazikwa katika tope kama lilivyozikwa tena mwaka 2023. Mzee aliona ubavu wa vilima umechunwa. Alikufa mwaka 1940. Chapa ya tatu ya kitabu chake ilitoka mwaka 1953, na katika utangulizi wake yumo akijiuliza kama yale aliyoyaita matengenezo kwa miaka sitini hayakuwa dhuluma juu ya nchi iliyoumbwa na Mungu. Fikirini, ndugu, ni vigumu namna gani mzee kuliuliza swali hilo juu ya kazi ya maisha yake.

Jibu la swali lake, kwa sehemu, limelala chini ya ziwa. Wataalamu walizibua tope la chini ya maji ya Tutira, wakaliona limepangwa tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Kila tufani kubwa imeacha ukurasa wake, na kurasa hizo zarudi nyuma zaidi ya miaka 7,000. Basi gharika ni ya zamani kuliko kondoo, na ni ya zamani kuliko mtu yeyote aliyekanyaga nchi ile. Lakini tabaka za wakati wa malisho zaonyesha udongo mwingi kuliko zamani, kwa maana mizizi mirefu iliyoshika vilima iliondolewa, ikabaki mizizi mifupi ya majani. Mwezi wa Machi mwaka 1988, tufani iitwayo Bola ilimimina Tutira milimita 753 za mvua kwa siku nne, na sehemu kubwa ya udongo ulioporomoka ikaingia ziwani. Kwa hiyo asemaye kwamba yote ni mapenzi ya Mungu hajasoma kurasa zote, naye asemaye kwamba yote ni makosa ya mfugaji hajazisoma pia.

Sasa, mtu aliyeyajua haya, naye amesimama kwenye tope, atatumaini nini?

Katika nchi ile madume huachiwa majike mwezi wa Machi na Aprili, na kondoo jike huchukua mimba muda wa miezi mitano, ili wana-kondoo wazaliwe mwezi wa Agosti na Septemba, majani yanapochipuka. Tufani ya Gabrielle ilikuja katikati ya Februari. Kwa hiyo mfugaji alikuwa na majuma machache tu ya kukata shauri. Ua haujasimama, malisho ni haba, njia ya kupeleka mnyama sokoni haipo. Kuwaingiza madume wakati kama huo ni kusema, bila kufumbua kinywa, kwamba Agosti itafika na kutakuwa na kitu cha kula. Tumesikia hotuba nyingi juu ya imani zilizo na maneno mazuri kuliko hayo, lakini hazikuwa na gharama.

Kisha, majira ya baridi yafikapo, huanza kazi ya kuchomeka fito. Wafugaji hukata fito za mlubna na za mwerebi, zenye urefu wa mita tatu hivi, na kuzishindilia ardhini katika miteremko. Wasomaji wa Biblia wanaujua mlubna: Yakobo alichukua fito zake na kuzisimamisha mbele ya makundi ya Labani. Ufito huo hauna mzizi wala jani, ukiutazama ni kuni tu. Huvikwa gamba la plastiki ili kondoo wasitafune ganda lake. Ukishika, mizizi yake huenea mbali, na baada ya miaka kama kumi hukutana na mizizi ya jirani yake na kuushona udongo pamoja, huku kondoo wakiendelea kula majani katikati. Si kila mti ni dawa: magogo yaliyoachwa vilimani baada ya misonobari kukatwa yaliteremka na mito katika tufani ileile, yakavunja madaraja. Na miteremko mingine ni mikali mno, hata haifai kondoo kabisa, na mwenye akili huirudishia msitu wake wa asili.

Nabii Yeremia alinunua shamba kule Anathothi wakati jeshi la Babeli lilipokuwa limeuzunguka Yerusalemu, naye mwenyewe yu kifungoni. Alipima fedha shekeli 17, akatia sahihi mbele ya mashahidi, akaagiza hati iwekwe katika chombo cha udongo ipate kudumu siku nyingi. Hakuna mfanyabiashara ambaye angemsifu kwa biashara ile. Nasi twapenda hasa kwamba alipima fedha kwa halali, wala hakudai apunguziwe bei kwa sababu ya vita.

Guthrie-Smith naye aliacha hati ya namna yake. Shamba lake kubwa alikuwa amekwisha kuliachia kidogo kidogo, na sehemu iliyosalia, ekari kama 2,000, iliwekwa chini ya wadhamini kwa faida ya watu wote. Wanafunzi huletwa huko kujifunza habari za miti na udongo. Vilimani, katika mashamba ya jirani, fito zilizochomekwa baada ya tufani ya Gabrielle zingali miti michanga. Mizizi yake haijakutana bado.