Kupima Udhaifu wa Malisho na wa Kaya



Nimeombwa nieleze namna chama kinavyoweza kupima udhaifu wa malisho yaliyochakaa. Nitatumia mfano wa Shinyanga.

Huko misitu ilifyekwa kwa miaka mingi ili kuangamiza mbung'o na kupata mashamba ya pamba. Mifugo ikazidi uwezo wa ardhi. Katika miaka ya 1970, watu walipohamia katika vijiji vipya, ngitili nyingi ziliachwa. Ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua na kuyafungua kiangazi. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Wakati huo ngitili zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000.

Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini ngitili nyingi ni mali ya kaya. Mwenye ardhi kubwa hupata ngitili kubwa. Asiye na ardhi hununua malisho, au hukosa. Kwa hiyo anayepima nyasi peke yake amepima nusu ya jambo.

Basi kila katibu afungue daftari lenye pande mbili. Upande wa ardhi aandike: udongo ulio wazi umeenea wapi? Makorongo yanaongezeka? Nyasi hutosha hadi mwezi gani? Maji yako umbali gani? Upande wa watu aandike: kaya ipi haina ngitili? Ipi inategemea ng'ombe mmoja? Nani hutembea mbali zaidi kutafuta kuni? Mjane angali na haki juu ya ngitili aliyoiacha mumewe? Hesabu hii ifanywe mwishoni mwa kiangazi, maana wakati wa mvua kila ardhi hujisifu.

Ndugu wanachama, kufunga malisho ni rahisi kwa mwenye malisho mengine. Kabla ya kupiga kura ya kufunga eneo lolote, daftari hilo lisomwe mbele ya mkutano, na pande zote mbili zisikike. Wasio na pengine pa kulishia watengewe sehemu, au siku za kukata nyasi, na jambo hilo liandikwe katika sheria ndogo za kijiji. Asiyepewa fungu ataingia usiku, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.