Kwa Nini Tunamlipia Ada Daktari

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za elimu na afya, Tabora)



Mmetuuliza kwa nini tunaendelea kumlipia ada mtu ambaye tayari ni daktari. Swali hilo ni la haki, na sisi wenyewe katika ofisi ya miradi tulikaribia kulijibu vibaya.

Binti tuliyemsomesha alimaliza miaka mitano ya udaktari na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Tulimsubiri kwa hamu, maana wagonjwa wetu wanapanga foleni tangu alfajiri. Badala ya kurudi, akaandika barua kuomba miaka mingine ya kusomea ubingwa na utafiti. Tulikasirika. Mmoja wetu alisema tumefuga kuku anayetagia kwa jirani.

Ndipo alipokuja kutueleza. Wakati wa mafunzo yake, katika hospitali ambayo hatutaitaja, alipokelewa mama mjamzito mwenye homa kali. Kipimo cha haraka kilionyesha hana malaria. Akapewa dawa ya malaria hata hivyo, homa ikashuka, akaruhusiwa. Baada ya siku kama saba homa ilirudi na mimba ikatoka. Safari hii damu yake ilitazamwa kwa hadubini, vikaonekana vijidudu vyembamba vilivyojisokota. Ilikuwa homa ya papasi, ambayo hutibiwa kwa antibiotiki za kawaida. Kipimo cha haraka hakikukosea, kwa sababu kazi yake ni kutafuta malaria tu. Aliyekosekana ni mtu wa kuuliza: kama si malaria, ni nini?

Papasi wazee mnamfahamu. Hujificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo, hunyonya damu usiku, kisha hurudi ufani. Babu zetu wapagazi, waliobeba pembe na vitambaa kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo, walilala pale palipolala msafara uliotangulia. Huko Kasongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, daktari Mwingereza aitwaye Dutton alifariki Februari 1905 akiugua homa hiyohiyo aliyokuwa akiichunguza. Mwaka huohuo Robert Koch alipita njia za misafara za koloni la Wajerumani, akakusanya papasi kwenye vibanda vya wasafiri, akavikuta vijidudu ndani yao na hata ndani ya mayai yao.

Huyu Koch alianza kama daktari wa wilaya tu. Akiwa wilayani humo, huku akitibu wagonjwa, alichunguza kimeta na kutangaza matokeo yake mwaka 1876. Lakini tusimsifu kupita kiasi. Mwaka 1906 na 1907, katika visiwa vya Sese nchini Uganda, aliwapa wagonjwa wa malale dawa ya atoksili, na baadhi yao walipofuka. Kwa hiyo hatutaki mtafiti asiyemwona mgonjwa kama mtu, wala daktari asiyejua kuuliza. Tunataka vyote viwili kwa mtu mmoja, naye afundishwe pia kanuni za ridhaa na usalama wa mgonjwa.

Marekani, tangu mwaka 1964, serikali imekuwa ikigharamia mpango ambao mwanafunzi husomea udaktari na utafiti pamoja, kwa miaka kama minane, akilipiwa ada na posho. Hapa kwetu njia ni ya vipande: udaktari kwanza, halafu ubingwa wa miaka mitatu au minne ambao haumaliziki bila tasnifu, ndipo shahada ya uzamivu. Kati ya kipande na kipande, nyumbani wadogo zake wanasubiri karo, na wengi hukatikia hapo. Waliofika mwisho wapo. Dk. Salim Abdulla wa Taasisi ya Afya Ifakara aliongoza majaribio ya chanjo ya malaria kwa watoto wachanga 340 huko Bagamoyo, kule misafara yetu ilikoishia. Matokeo yalichapishwa Desemba 2008, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike.

Binti yetu hatafuti chanjo. Anataka kujua, kati ya wenye homa wanaopimwa na kukutwa hawana malaria, ni wangapi wana homa ya papasi. Tumekubaliana naye mambo mawili: tasnifu yake aifanyie mkoani humu, na kila likizo ahudumu wodini kwetu. Mnaosema kwamba kwa miaka hiyo foleni itabaki vilevile, mnasema kweli. Hatuna jibu zuri kwa hilo, isipokuwa kwamba mganga wetu mmoja amekubali zamu za ziada, naye anastahili kulipwa.

Hadubini ya zahanati yetu imefunikwa kitambaa tangu vipimo vya haraka vilipoletwa. Daktari ameomba ifunuliwe kabla hajaja kuanza kazi yake. Fundi anakuja Alhamisi.