Subira si Kunyamazia Dhulma



Ndugu yangu Muislamu, mwezi huu mtukufu twausiana sana juu ya subira. Lakini kuna mahali twachanganya mambo. Kijana wa Likoni au Kisauni apata kibarua godauni, hapewi glavu wala haelezwi hatari ya kazi. Akiuliza, aambiwa, "Shukuru umepata." Akirudi nyumbani, nasi twamwambia, "Subiri mwanangu." Hiyo si subira, ni kunyamazia dhulma.

Tazama yaliyotokea hapa kwetu Owino Uhuru, Mikindani. Mwaka 2007 palianza kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Sumu ya madini ya risasi ikaingia miilini mwa wafanyakazi na majirani, hata watoto. Bi Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi pale. Mtoto wake akaugua, akapimwa, akapatikana na sumu hiyo. Mama huyu hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Safari ilikuwa ndefu, lakini wangenyamaza wasingefika.

Basi jua haki yako. Sheria ya Ajira ya 2007 yakataza kubaguliwa kwa dini, kabila, jinsia, ulemavu au ujauzito. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo, yasema ukiona hatari kubwa mwambie msimamizi, na hana ruhusa kukurudisha pale mpaka hatari iondolewe. Ukiumia kazini, mjulishe mwajiri mara moja. Yeye ana siku 7 kumpasha habari Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na dai lako lisipitishe miezi 12. Andika tarehe, weka karatasi za hospitali, jua ni nani aliyeshuhudia.

Na wewe mwenye duka, na wewe mama uliyeajiri msichana wa kazi, maneno haya ni yako pia. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Huyo anayekupikia futari leo, mshahara wake wa mwezi uliopita umempa?

Allah atutakabalie saumu zetu. Wabillahi tawfiq.