Damu Unapoenda Haja

 Leo tunaongea jambo ambalo wengi wenu, kuanzia Muhuru Bay hadi Kendu Bay, mmelificha hata kwa wake na waume zenu: damu na maumivu wakati wa haja kubwa.

Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba kwenye njia ya haja. Mara nyingi hutoa damu nyekundu bila maumivu. Lakini ukihisi kama umekatwa kwa wembe, na uchungu ukaendelea hata baada ya kutoka chooni, tunashuku mpasuko: ngozi imechanika, aghalabu kwa sababu ya choo kigumu. Msuli wa ndani hukaza, damu haifiki vizuri kwenye kidonda, nacho hakiponi.

Matibabu huanzia jikoni. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyehudumu Mulago, Uganda, alirudi Uingereza na katika miaka ya 1970 akahimiza watu wale vyakula vyenye nyuzinyuzi ili kujikinga na bawasiri. Mboga za osuga na dek, nyoyo ya mahindi na maharagwe, na ugali wa unga usiokobolewa tunavyo hapa. Kunywa maji, ukalie beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15. Mipasuko mingi mipya hupona hivyo.

Ikishindikana, ndipo upasuaji. Bawasiri ndogo ya ndani hufungwa kwa kijipira, ikanyauka na kudondoka. Iliyotoka nje isirudi hukatwa, mara nyingi ukiwa umedungwa sindano ya ganzi mgongoni. Kwa mpasuko sugu, daktari hukata sehemu ndogo ya ule msuli uliokaza ili ulegee na kidonda kifunge. Wengi hupona. Wachache hubaki wakishindwa kuzuia hewa ya tumboni, kwa hivyo uliza kabla ya kutia sahihi.

Ninawasihi, msikubali kupakwa dawa za kuunguza na mtu wa sokoni ambaye hata hajawapima. Kansa ya utumbo mpana nayo hutoa damu. Nendeni hospitali ya rufaa ya kaunti, Homa Bay au Migori. Kipimo cha kidole kwenye njia ya haja hakichukui muda. Mama, una haki ya kuomba muuguzi wa kike awe nawe chumbani.

Ukishakatwa bawasiri, choo cha kwanza kitauma. Tumia dawa ya kulainisha choo uliyoandikiwa. Matone ya damu ni kawaida siku za mwanzo. Ikichuruzika, ukipata homa, au ukishindwa kukojoa, rudi hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.