Ukadiriaji wa Saa za Kazi katika Ufungaji wa Transfoma: Hali Halisi ya Masasi na Newala



1. Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie saa za kazi katika kufunga transfoma za usambazaji, hasa zile za kilovolti 33 kwenda volti 400, katika wilaya za Masasi na Newala mkoani Mtwara. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini (REA) uanze kazi mwaka 2007, zabuni za aina hii si ngeni kwetu. Nitakayosema ni maoni ya kitaalamu, si msimamo wa taasisi yoyote.

2. Maana ya maneno

Saa-kazi moja ni kazi ya mtu mmoja kwa saa moja. Mafundi 6 wakifanya kazi saa 8, hizo ni saa-kazi 48. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Haya yanafahamika, tuendelee.

3. Tatizo lenyewe: mstari mmoja kwa kazi nyingi

Jedwali la zabuni huandika "kufunga transfoma, moja", na mkandarasi huweka saa alizozoea mjini. Kuipandisha transfoma na kuifunga kwenye nguzo pacha ndiyo sehemu fupi. Saa huliwa kwingine.

Kwanza, ardhi. Masasi ni nchi ya majabali: shimo la nguzo linaweza kugonga mwamba kabla halijafika nusu, koleo likaachia tindo na nyundo. Kule juu Newala, mchanga unachimbika upesi, lakini ni mkavu na haupitishi umeme vizuri. Fimbo ya ardhi iliyotosha kwingine, huko haitoshi. Unapima ukinzani, unaongeza fimbo, unapima tena. Kwa hiyo Masasi saa zinaliwa na shimo, Newala zinaliwa na ardhi ya umeme, yaani fimbo hizo na upimaji wake, na jedwali linazipa wilaya zote mbili saa zilezile.

Pili, msimu. Kuanzia Oktoba vibarua wako kwenye mikorosho na malori yanapeleka korosho maghalani. Transfoma ya kVA 100 ina uzito wa zaidi ya nusu tani. Bila lori lenye kreni ni winchi na mabega. Korosho zikipungua, mvua zinashika barabara.

Tatu, kibali cha kuzima laini. Laini inayoendesha pampu za maji, kama za Mitema huko Newala, haizimwi kwa pupa. Watu 6 wakisubiri kibali saa 4, saa-kazi 24 zimekwenda na hakuna hata boliti iliyokazwa. Kungoja huku hakuna mstari wake.

Matokeo yake tumeyasema vikao vingi. Saa zikiisha, msimamizi hapunguzi nguzo, kwa kuwa nguzo inaonekana. Anapunguza kilichofukiwa: fimbo za ardhi. Radi ya masika ikija, kizuia radi hakina pa kuumwagia mkondo, transfoma inaungua, na kijiji kinarudi kwenye vibatari. Tunaandika "imeungua kwa radi". Sababu nyingine ilikuwa kwenye kadirio.

Kwa kulinganisha, nchini Marekani kitabu cha viwango cha chama cha makandarasi wa umeme, NECA, kina safu tatu za saa kwa kazi ileile: mazingira ya kawaida, magumu, na magumu zaidi. Sisi tunatumia safu moja, tena ya mjini.

4. Mapendekezo

(i) Mstari wa transfoma ugawanywe: uchimbaji, nguzo, usafirishaji, upandishaji, fyuzi na vizuia radi, ardhi, upimaji, uunganishaji.
(ii) Viwango vya saa viwe na safu ya mwamba na safu ya mchanga.
(iii) Eneo likaguliwe, na shimo la majaribio lichimbwe, kabla ya bei kuandikwa.
(iv) Ardhi ya umeme ilipwe kwa kipimo kilichofikiwa, si kwa idadi ya fimbo.
(v) Kipimo hicho kichukuliwe kiangazi, udongo ukiwa mkavu.
(vi) Muda wa kusubiri kibali uwe na mstari wake.
(vii) Vibali viombwe mapema, na kazi za laini moja zikusanywe siku moja.
(viii) Ratiba izingatie msimu wa korosho na mvua.
(ix) Wasimamizi waandike saa halisi kila siku, ili tupate viwango vyetu wenyewe.
(x) Ardhi ya umeme isipunguzwe kwa sababu yoyote. Nairudia kwa makusudi.

5. Hitimisho

Mengi kati ya haya hayahitaji fedha mpya. Yanahitaji jedwali jipya. Nawaomba wanaoandaa zabuni waanze na pendekezo la kwanza na la nne. Hayo mawili yakikubaliwa, mengine tutajadiliana.