Umoja Usiowameza Wadogo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Migori na Homa Bay)



Wazee wetu walimwita kila mzungu aliyetoka katika visiwa vile "Mwingereza". Kumbe mna mataifa manne: Waingereza wenyewe, Waskoti, Wawelisi na Waayalandi. Leo tunataka kuyasema mambo yao, kwa maana yanatuhusu.

Wawelisi waliunganishwa na Uingereza kwa sheria ya mwaka 1536, nayo iliamuru kwamba mahakamani kisemwe Kiingereza tu. Waskoti waliungana mwaka 1707, lakini kwa mapatano: sheria zao na kanisa lao vikabaki mikononi mwao. Waayalandi walitiwa katika umoja huo mwaka 1801. Njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845 iliwaua watu kama milioni moja, na huku chakula kilikuwa kikipakiwa melini kupelekwa Uingereza. Mwaka 1922 sehemu kubwa ya nchi yao ikajitoa. Lakini Waskoti, ambao wana bunge lao tangu mwaka 1999, walipopiga kura mwaka 2014, watu 55 katika kila 100 walichagua kubaki.

Basi somo ni hili: anayesikilizwa hukaa, anayepuuzwa hutafuta mlango.

Sasa turudi nyumbani. Abasuba wa Mfangano na Rusinga ni watu wa lugha ya Kibantu, na wengi wa wazee wao walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda. Hawakushindwa kwa mkuki. Ndoa, soko, kanisa na shule vilisema Kijaluo, na lugha yao ikapungua kidogo kidogo. Ndugu yetu Tom Mboya, aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi tangu mwaka 1953, na aliyezikwa Rusinga mwaka 1969, alikuwa wa ukoo wa Abasuba. Ni wangapi kati yetu waliojua? Nchi nzima ilimhesabu kuwa Mjaluo tu.

Na wako ndugu zetu Wakuria. Katika kaunti ya Migori wao ni wachache kati ya Wajaluo wengi, ingawa miwa tunakata pamoja na jua linatuchoma sawasawa.

Tuseme kweli, tusifichane. Katika mkutano wetu mmoja, habari ya mshahara ilianza kwa Kiswahili, ikaishia kwa Kijaluo. Hakuna aliyekusudia ubaya; maneno yalipopata moto kila mtu alirudia lugha ya mama yake. Wakuria walikaa kimya. Siku ya kugoma ilipofika, wao wakaenda kazini, nasi tukawaita wasaliti. Mgomo ukavunjika kabla ya saa sita. Je, msaliti alikuwa nani? Yule ambaye hakuambiwa, au sisi tuliosahau kumwambia? Tajiri hakuhitaji kutugawanya. Tulimfanyia kazi hiyo bure.

Kwa hiyo tunaleta mambo matatu mbele yenu. Kwanza, kila shauri la mshahara na mgomo lisemwe na kuandikwa kwa Kiswahili, lugha ya taifa kwa Katiba ya mwaka 2010. Pili, mwanachama asiyeelewa apate mtu wa kumfasiria kabla kura haijapigwa. Tatu, katika halmashauri ya tawi wawemo Wakuria na Abasuba, si kwa kupewa sadaka bali kwa haki yao.

Wengine watasema kwamba kutaja makabila ni kuleta ukabila. Sisi twasema ukabila ni kumnyima mtu neno lake, kisha kudai mchango wake kila mwezi.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole vikikutana, kila kimoja hubaki kidole.

Umoja ni nguvu.